Tutakipaje jina tusichokiona?

Muhula uliopita rafiki yangu mmoja, mwalimu wa fizikia katika shule ya upili, aliniomba nimkagulie Kiswahili cha orodha ya istilahi alizokuwa akiwaandalia wanafunzi wake. Fizikia yenyewe hufunzwa kwa Kiingereza, kama ijulikanavyo, lakini mwalimu huyu amegundua kwamba wanafunzi hukariri maelezo pasipo kuyaelewa, na kwamba akiwaeleza jambo lile lile kwa Kiswahili, macho yao hufumbuka. Orodha haikuwa ndefu. Maneno mengi niliyapitisha bila kusita: fuwele, atomu, shinikizo, wimbi. Nilipofika penye "wimbi la mshtuko" nikakwama.

Mshtuko wa nani? Katika Kiswahili nikijuacho, kinachoshtuka ni kile chenye roho. Mama hushtuka aletewapo habari ya msiba. Mtoto hushtuka usingizini. Hata aliyeguswa na waya wa umeme hushtuka kwa kuwa ana mwili wenye hisia. Je, chuma nacho hushtuka? Ile grafiti nyeusi iliyomo ndani ya penseli, nayo hushtuka? Nilishuku kwamba aliyeiunda istilahi hiyo aliliona neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, akaichukua ile iliyokuwa karibu na mkono wake. Hata hivyo, si adabu kumkosoa mtu kabla ya kukijua anachokizungumzia. Basi nikashuka ngazi hadi kwa mwenzangu wa idara ya fizikia.

"Daktari," nikamwambia, "nieleze wimbi hili ni wimbi la nini, nami nitalitafutia jina."

Akacheka. "Nyinyi watu wa lugha mna haraka. Sisi tumeishi na majina kwa miaka mingi kabla ya kuviona tunavyoviita. Keti."

Niliketi kwa muda wa saa mbili. Yafuatayo ndiyo niliyoyaokota siku ile na katika kusoma kwangu baadaye, nami ningependa walimu na wanafunzi wayasikie kwa lugha yao.

Ukikibana kitu polepole, tuseme kwa jiriwa ya seremala, kila sehemu yake hupata nafasi ya kujua kwamba kitu kinabanwa. Habari ya kubanwa husafiri ndani yake kwa kasi ya sauti, na atomu hujisogeza taratibu kama watu wanaopeana nafasi kwenye benchi. Lakini ukikigonga kwa ghafla na kwa nguvu kubwa mno, wimbi la kubanwa huipita kasi hiyo ya sauti, na habari haiwahi kutangulia. Hutokea ukuta mwembamba upitao ndani ya kitu. Mbele ya ukuta, atomu zingali zimetulia kana kwamba hakuna jambo. Nyuma yake, zimekwisha kusongwa na kupashwa moto. Ukuta huo ndio wimbi lenyewe. Huenda kilomita kadhaa kwa sekunde, ilhali kipande kinachochunguzwa aghalabu huwa na unene wa milimita chache tu, au hata pungufu ya milimita moja. Mambo yote huanza na kwisha kabla ya kutimia sehemu moja ya milioni ya sekunde. Baada ya hapo husalia vumbi na vigae.

Hapo ndipo penye mtihani. Kwa miongo mingi wanafizikia waliweza kulipima wimbi hili kutoka nje tu: limekwenda kwa kasi gani, na upande wa nyuma wa kipande umeruka kwa kasi gani. Kutokana na vipimo hivyo walikisia yaliyotukia ndani. Chukua mfano wa chuma. Mwaka 1956 watafiti watatu, Bancroft, Peterson na Minshall, waliokuwa wakifanya kazi Los Alamos nchini Marekani, walichapisha habari kwamba chuma kikigongwa hadi shinikizo lifikapo gigapaskali 13 hivi, yaani takriban mara 130,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta, wimbi hugawanyika. Kugawanyika huko kulikuwa dalili kwamba atomu za chuma zimeuacha mpangilio wao wa kawaida na kuchukua mwingine. Mpangilio gani? Hilo wimbi halikusema. Mwaka 1962 Jamieson na Lawson walikibana chuma polepole huku wakikimulika kwa eksirei, wakauona mpangilio mpya wa pembe sita. Lakini chuma chao kilikuwa kimebanwa kwa utulivu. Je, kile kilichogongwa nacho hufanya vivyo hivyo ndani ya nanosekunde chache? Wengi waliamini kwamba ndivyo. Ushahidi wa eksirei uliopigwa wakati ule ule wa kugongwa ulichapishwa na Kalantar na wenzake mwaka 2005. Kutoka 1956 hadi 2005 ni miaka 49. Mwanafunzi aliyezaliwa siku ya jaribio la kwanza angekuwa amekaribia kustaafu.

Naona kuna msomaji anayeuliza: eksirei huuonaje mpangilio wa atomu? Aliyesafiri kwa basi kando ya mashamba ya mkonge huko Taita anajua jibu, ingawa hajui kwamba analijua. Ukilitazama shamba kutoka dirishani, kwa kitambo huona fujo ya majani. Basi likisonga kidogo, ghafla mistari hufunguka mbele yako, ukaona hadi mwisho wa shamba. Kisha hujifunga, ikafunguka mingine kwa pembe nyingine. Ukizipima pembe hizo kwa makini unaweza kuujua umbali kati ya mstari na mstari bila kutia mguu shambani. Atomu katika fuwele zimepandwa kwa mistari kama mkonge, na eksirei zipitapo ndani yake huchomoza kwa pembe maalumu tu, zikaacha madoa au miviringo kwenye kamera. Tendo hilo huitwa difraksheni. Röntgen alizigundua eksirei mwaka 1895. Max von Laue na wenzake wa München wakaionyesha difraksheni yake katika fuwele mwaka 1912. Na Bragg, baba na mwanawe, wakaifanya kuwa kipimo. Walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915, mwana alikuwa na umri wa miaka 25. Nawatajia wanafunzi wangu umri huo kila mara waniambiapo kwamba wao bado ni vijana.

Basi chombo kilikuwapo. Kilichokosekana ni mwanga wa kutosha kwa muda mfupi wa kutosha. Mwaka 1970, huko Livermore, California, Johnson na wenzake walifaulu kupata kwa mara ya kwanza picha ya difraksheni ya fuwele iliyokuwa ikipitiwa na wimbi, fuwele ya floraidi ya lithiamu. Swali lao lilikuwa la msingi kabisa: nyuma ya ule ukuta, je, atomu bado zimo katika safu, au zimeparaganyika kama umati uliotupiwa gesi ya kutoza machozi? Picha ilijibu kwamba safu zingalipo. Ila mwanga wa siku zile ulikuwa hafifu, na mengi hayakuweza kusomeka.

Mwanga wa kutosha ulitoka mahali pasipotarajiwa. Wanafizikia walikuwa wamejenga mitambo ya kuzungusha elektroni kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, wakaona kwamba elektroni zinapopindishwa njia hutupa nuru, kama gurudumu la baiskeli lirushavyo matope. Nuru hiyo ilionekana kwa macho mwaka 1947 katika maabara ya General Electric huko Schenectady, jimbo la New York. Kwa waliotaka kuziongezea elektroni nguvu ilikuwa hasara tupu, kwani nguvu zilivuja humo. Baadaye wenye busara walitambua kwamba kilichokuwa kikimwagwa ndicho kilichokuwa na thamani. Mitambo ikajengwa kwa ajili ya nuru yenyewe; ndiyo sinkrotroni za leo. Ile ya Grenoble nchini Ufaransa, yenye mzingo wa mita 844, ilianza kuwahudumia watafiti mwaka 1994. Ile ya Argonne karibu na Chicago, yenye mzingo wa mita 1,104, ilitoa eksirei zake za kwanza mwaka 1995.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba elektroni hizo hazizunguki kama maji ya mto. Huenda kwa mafungu. Katika mpango mmoja uliotumiwa sana pale Argonne, hadi mtambo uliposimamishwa mwaka 2023 ili ufanyiwe ukarabati mkubwa, mafungu yalikuwa 24, na kila nanosekunde 153 fungu moja lilipita na kutoa mmweko wa eksirei. Mmweko wenyewe ulidumu kama pikosekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya nanosekunde. Mwanafunzi na achukue rula yake ya sentimita 30: nuru huivuka rula hiyo kwa nanosekunde moja. Katika muda wa mmweko mmoja nuru huvuka sentimita tatu tu, na wimbi letu, hata likiwa na kasi ya kilomita 10 kwa sekunde, husogea mikromita moja. Kwa jicho la mmweko huo, wimbi limesimama.

Pale Argonne, Chuo Kikuu cha Washington State kimeweka kituo maalumu cha kazi hii. Wana mizinga ya gesi inayorusha kipande kidogo kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, na leza yenye nguvu kwa majaribio mengine. Mzinga hufyatuliwa, kipande hugonga, na kamera hupiga picha hadi nne mfululizo huku wimbi likipita. Kisha fundi huingia na kufagia. Siku za kazi huisha kwa majaribio machache tu, kwa sababu kila kilichogongwa kimekwisha na hakirudiwi.

Sasa nije kwenye kisa cha almasi, ambacho ndicho kilichonifanya nisahau chai yangu mezani.

Huko Arizona kuna shimo kubwa lililochimbwa na kimondo kilichoanguka zamani za kale. Vipande vya kimondo hicho cha chuma huitwa Canyon Diablo. Walioona kimondo cha Mbozi kule Tanzania wanaweza kukisia sura yake, ijapokuwa cha Mbozi hakikuacha shimo. Mwaka 1967 wanasayansi walitangaza kwamba ndani ya vipande vya Canyon Diablo wamekuta almasi ya namna nyingine. Almasi na grafiti, kama wajuavyo wanafunzi wa kemia, zote ni kaboni. Kinachozitofautisha ni mpangilio. Na almasi hii mpya ilitofautiana na almasi ya kawaida kwa jambo dogo zaidi: jinsi matabaka yalivyopangwa. Mwalimu wa ushairi ataelewa upesi. Katika almasi ya kawaida kina hurudi kila baada ya mishororo mitatu; katika hii, kina hurudi kila baada ya miwili. Atomu ni zile zile, wimbo si ule ule.

Ikapewa jina lonsdaleiti, kwa heshima ya Kathleen Lonsdale, mzaliwa wa Ireland aliyetumia eksirei mwaka 1929 kuthibitisha kwamba pete ya benzini ni bapa, na ambaye mwaka 1945 alikuwa mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuchaguliwa kuwa wanachama wa Royal Society ya London. Jina likaingia vitabuni. Wanajiolojia wakaanza kulitumia kama ushahidi: palipo na lonsdaleiti, hapo pamegongwa na kimondo.

Kisha mwaka 2014 Németh na wenzake wakavichunguza upya vipande vya Canyon Diablo kwa hadubini za elektroni, wakasema: hakuna kitu kama hicho. Mlichokiona ni almasi ya kawaida yenye kasoro nyingi katika matabaka yake, na kasoro hizo ndizo zilizotoa alama mlizozidhania kuwa za madini mapya. Tazama basi! Kwa miaka 47 jina lilikuwa likitembea mjini bila ya hakika kwamba mwenye jina yupo.

Mzozo huo haukuweza kuamuliwa kwa vipande peke yake. Kipande cha kimondo ni mabaki. Kimegongwa, kikapata moto, kikapoa, kikakaa ardhini kwa maelfu ya miaka. Nani ajuaye kilikuwaje katika nanosekunde ile? Hapa, mimi mwanaisimu nilijiona nyumbani. Sisi nasi hutafuta mabadiliko ya lugha katika mabaki: hati za kale, maneno yaliyoganda, lahaja za pembezoni. Hatujawahi kumsikia mtu wa kwanza aliyetamka sauti mpya.

Wanafizikia, wao, walirudi kwenye mzinga. Mwaka 2016 Kraus na wenzake, wakitumia leza ya eksirei ya California, ambayo ni binamu ya sinkrotroni, waliigonga grafiti na kuripoti kwamba almasi ya kawaida hutokea kuanzia gigapaskali 50, na lonsdaleiti kuanzia 170. Mwaka 2017 Turneaure, Gupta na wenzao waliigonga grafiti iliyopangika vizuri pale Argonne, wakapiga picha za difraksheni wimbi likiwa bado ndani, wakaona alama za almasi ya pembe sita kwa gigapaskali 50, karibu mara nusu milioni ya shinikizo la hewa. Uchunguzi uliofuata wa kundi hilo ulionyesha kwamba mpangilio wa grafiti kabla ya kugongwa una neno kubwa katika kuamua ni almasi ipi itakayozaliwa. Kwa hiyo hata hao walioona hawakuona kitu kimoja, kwa kuwa hawakuanza na kitu kimoja.

Nikamwuliza mwenzangu, "Je, mzozo umekwisha?" Akatikisa kichwa. Kuonekana kwa almasi hiyo wakati wa kugongwa hakuthibitishi kwamba iliyomo katika vimondo ndiyo hiyo. Tena mwaka 2022 watafiti wa Australia walieleza kwamba wameikuta katika vimondo vya aina nyingine, wakadai kwamba humo haikuzaliwa na kugongwa bali na gesi na vimiminiko vilivyopita ndani ya mwamba. Kama ni kweli, ule ushahidi wa wanajiolojia unahitaji kusomwa kwa tahadhari kubwa zaidi.

Sitaki kumpaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Elimu hii haikuzaliwa kwa kupenda almasi wala vimondo. Ililelewa katika maabara za silaha za nyuklia, kwani anayetaka kuunda bomu hana budi kujua metali hufanyaje zinapogongwa, na kituo kile cha Argonne kinagharimiwa na idara ya Marekani inayosimamia silaha hizo. Msomi mwadilifu hulisema hilo waziwazi, kisha husema pia kwamba matokeo yamechapishwa ili wote wasome.

Wote, ila si wote wenye mtambo. Miongoni mwa mabara yanayokaliwa na watu, Afrika peke yake haina sinkrotroni. Brazil inayo. Australia inayo. Jordan ilifungua yake mwaka 2017, iitwayo SESAME, iliyoanzishwa kwa sehemu za mtambo uliostaafu Berlin, na wanachama wake ni pamoja na Iran, Israel, Palestina na Misri, watu ambao kwingineko hawaketi meza moja. Afrika Kusini imejiunga na Grenoble tangu mwaka 2013, na mwaka 2015 wanasayansi wa Afrika walikutana huko huko Grenoble kupanga njia ya kupata mtambo wa bara letu. Watakaosema kwamba ni anasa kwa nchi zenye shule zisizo na madawati nawaelewa. Nami nimefunza chini ya paa linalovuja. Lakini eksirei hizo hizo za sinkrotroni ndizo zinazotumiwa kuchunguza protini za vimelea vya malaria na udongo wa mashamba, na kijana wetu anayetaka kuzitumia hulazimika kuomba viza kwanza.

Nilirudi kwa mwalimu na orodha yake. Nilifuta "mshtuko", nikaandika "kishindo". Mwenzangu wa fizikia alikuwa amepinga: kishindo, alisema, ni sauti, na hiki si cha kusikia. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kuwa wimbi hili ni jamaa ya sauti, ila limeipita sauti mbio. Kishindo hutokana na kitu kizito kugonga kingine kwa ghafla, na hakihitaji roho. Akakubali shingo upande.

"Difraksheni" nimeiacha kama ilivyo. Nilijaribu "mtawanyiko", nikaona kwamba hutawanyika kuku walioona mwewe, bila mpango wowote, ilhali eksirei hutawanyika kwa pembe zinazohesabika. Nilijaribu neno la kupinda, nikaona halifiki. Mwalimu anaisubiri orodha, na mstari huo bado uko wazi. Msomaji mwenye neno linalobeba kutawanyika na mpango kwa pamoja, na aniandikie.